Kalenda Yako Inasoma Tarehe ya Nchi Gani?

Leo nina neno kuhusu jambo ambalo wengi hulidharau: mpangilio wa tarehe kwenye kalenda ya kompyuta.

Sisi Kenya huanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Wamarekani huanza na mwezi. Programu nyingi huja zikiwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na mtumiaji hubofya "sawa" akidhani anachagua lugha tu. La hasha! Amechagua na tarehe za Marekani.

Madhara yake ni nini? Chukua PAYE, kodi ambayo mwajiri hutakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karani akiandika 09/07/2026 kwenye kalenda ya Kimarekani, kikumbusho kitalia tarehe 7 Septemba. Hapo amechelewa karibu miezi miwili, na faini inamngoja.

Kuna wanaosema kosa kama hilo litaonekana tu. Litaonekanaje? Ukiandika 25/07, kompyuta haina mwezi wa 25, kwa hiyo itakataa nawe utashtuka. Lakini siku 12 za kwanza za kila mwezi hupita kimya kimya. Piga hesabu: 12 mara 12 ni 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 05/05. Zinabaki tarehe 132 zinazosomeka kwa njia mbili. Hiyo ni zaidi ya thuluthi ya mwaka!

Basi fungua mipangilio ya kalenda yako. Kwenye Google Calendar, tafuta sehemu ya lugha na eneo, weka nchi iwe Kenya, kisha hakikisha tarehe inaanza na siku. Na kwenye barua pepe, andika jina la mwezi: 9 Julai 2026. Hapo hakuna wa kukosea.

Hata hivyo, lawama kubwa ni yetu sisi waundaji wa programu. Mradi wa CLDR wa Unicode hutoa bure mipangilio ya Kiswahili cha Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Mbona hatuitumii? Kwenye hifadhidata tuweke 2026-07-09, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoelekeza tangu 1988. Kwenye skrini tumwonyeshe mtu tarehe jinsi anavyoiandika mwenyewe. Mama anayeweka miadi ya kliniki hapa Kenya hana haja ya kujua Wamarekani huanza na nini.