Tusiwaketishe nyuma majeruhi wa vita



Napenda kutoa maoni yangu juu ya wenzetu waliorudi kutoka vitani wakiwa na majeraha. Lakini kabla ya kumnyoshea mtu kidole, sina budi kwanza nikiri kosa langu mwenyewe.

Hapa kijijini tunaye mzee mmoja aliyepigana katika vita vya kumng'oa nduli Idi Amin, mwaka 1978 na 1979. Gari alilokuwamo liliwaka moto. Uso wake na mikono yote miwili viliungua, na baadhi ya vidole vimeshikana mpaka leo. Siku ya mahafali ya darasa la saba, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga viti vya wageni. Kwa kuhofia kwamba watoto wa darasa la kwanza wangelia, nilimketisha mzee huyo nyuma kabisa, chini ya mwembe. Nilidhani nimetumia busara. Shughuli ilipokwisha aliniita kando akaniambia: "Mwalimu, kule nyuma sikumwona mjukuu wangu akipokea cheti." Hakuongeza neno, nami sikuwa na jibu.

Usiku ule nilimkumbuka daktari mmoja ambaye nilisoma habari zake nilipokuwa chuo cha ualimu. Naye ni Archibald McIndoe, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1900. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza katika upasuaji wa kurekebisha viungo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa Uingereza. Huko aliletewa vijana wa ndege za kivita walioungua kwa petroli, wengine wakiwa hawana kope, pua wala midomo.

Siku zile vidonda vya moto vilipakwa dawa iliyovikausha vikawa gamba gumu, na kiungo kikakakamaa. McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walikuwa wakipona vizuri zaidi. Basi akaiacha dawa ile, akawaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Kisha alichukua ngozi nzima kutoka sehemu nyingine za mwili akawajengea nyuso upya, kidogo kidogo, kwa upasuaji uliorudiwa mara nyingi.

Lakini mimi nilichokishika zaidi ni mambo aliyoyafanya nje ya chumba cha upasuaji. Aliwaruhusu majeruhi wavae sare zao za kijeshi badala ya nguo za wagonjwa, ili wasijione kuwa watu waliokwisha. Aliipinga kanuni iliyotaka askari aliyekaa hospitali zaidi ya siku 90 bila kupona aondolewe jeshini, mpaka wakaachwa wamalize matibabu yao wakiwa bado askari. Tena aliwaendea wenyeji wa East Grinstead, akawaomba wawakaribishe vijana wale majumbani mwao na wawatazame usoni kama watu wengine. Wenyeji waliitikia, na mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiomkodolea mtu macho.

Mwaka 1941 majeruhi wenyewe waliunda chama chao. Walianza watu 39, na vita vilipokwisha walikuwa 649. Walijiita Simbilisi, yaani wale wanyama wadogo wanaotumiwa na wataalamu kwa majaribio, kwa kuwa matibabu yao yalikuwa mapya. Kwa utani walimchagua mweka hazina aliyeungua miguu ili asiweze kukimbia na fedha, na katibu aliyeungua mikono ili asiandike mengi. Mtu anayeweza kujitania hivyo amekwisha pona moyoni.

Daktari huyu alikuwa mwalimu pia. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Michael Wood na Tom Rees. Mwaka 1957 watatu hao walianzisha huku kwetu Afrika Mashariki huduma ya madaktari wa ndege, ambayo ndiyo shirika tunalolijua leo kwa jina la AMREF. McIndoe mwenyewe alikuwa na shamba karibu na Mlima Kilimanjaro. Alifariki mwaka 1960, lakini elimu yake haikuzikwa pamoja naye.

Najua wako watakaosema kwamba watoto huogopa kweli, na kwamba sisi walimu wa vijijini tuna kazi nyingi. Ni kweli mtoto huogopa asichokifahamu. Lakini kumfahamisha ndiyo kazi tunayolipwa mshahara. Kama ningekaa na darasa la kwanza nusu saa siku moja kabla, nikawaeleza mzee yule ni nani na aliungulia wapi, nisingehitaji kumficha chini ya mwembe.

Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rai yangu ni kwamba heshima hiyo isiishie kwenye mnara na gwaride. Serikali za vijiji ziwatambue majeruhi wao kwa majina, na ziwasaidie wasioweza kushika kalamu kuandika barua za kufuatilia haki zao. Walimu tuwaalike shuleni wasimulie somo la historia wakiwa hai, maana kila mwaka tunazika baadhi yao. Na sisi wananchi tuwasalimie huku tukiwatazama usoni. Hilo halihitaji bajeti.

Kwa upande wangu, katika mahafali yajayo kiti cha mzee wetu nitakiweka mstari wa mbele, na mwaliko nitaupeleka mwenyewe nyumbani kwake. Akikubali kuja nitashukuru. Akikataa, sitamlaumu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Mara.