Mvumo kwenye amplifaya: acheni kukata waya wa ethi!

Nilisema nitaandika kuhusu mazoezi ya kufundisha, ila hiyo itasubiri, maana jana usiku nimebishana na jamaa wa chumba cha jirani mpaka saa saba na bado nina hasira kidogo. Kaunda amplifaya yake mwenyewe (hongera kwa hilo, sina ubishi), inavuma mmmmm hata kabla ya kuweka muziki. Mtu kamshauri akate waya wa ethi kwenye plagi. Akakata, mvumo ukapungua, sasa anawatangazia watu kwamba hiyo ndiyo dawa!

Jamani, hapana. Mimi ujinga huohuo niliufanya mwaka wa kwanza. Yangu niliipanga ndani ya kasha la chuma la kompyuta mbovu, chipu mbili za TDA2030 na transfoma niliyoitoa kwenye redio kuukuu. Baada ya kukata ethi, kila nikigusa kasha vidole vinatekenywa. Hicho ni kiumeme kidogo kinachovuja kupitia transfoma, peke yake hakikuui. Lakini siku waya wa moto ukichomoka ndani ukagusa kasha, volti 230 zote zinakaa pale zinamsubiri atakayekuja peku kutoka kuoga kuzima muziki. Ethi ikiwepo, fyuzi inakatika. Ukiikata, fyuzi haijui chochote.

Sasa mvumo tuufanyeje? Kwanza usikilize. Umeme wetu ni hezi 50. Ukipita kwenye dayodi nne, ule upande wa chini wa wimbi unageuzwa juu, kwa hiyo mabaki yanayofika kwenye spika ni hezi 100, na yanakwaruza kidogo. Mvumo mzito uliotulia wa hezi 50 unatoka kwingine: transfoma iko karibu mno na waya za kuingizia sauti, au vyombo viwili vyenye ethi vimeunganishwa na waya wa sauti, umeme unazunguka kati yao. Wanakwaya hamna kisingizio, tofauti ni oktavu moja kamili.

Kwa jamaa yangu nina hakika ni huo mzunguko, maana anapiga nyimbo kutoka kwenye laptopu iliyochomekwa chaja ya pini tatu. Achomoe chaja tu, asikilize. Mvumo ukikata, basi mchawi kapatikana: atumie betri, au laptopu na amplifaya vichomekwe kwenye ekstensheni moja, na ikigoma kabisa aweke kitransfoma cha sauti katikati. Ethi ibaki pale ilipo.

Ule wa hezi 100 ndio ulionitesa mimi. Kila fundi aliniambia ongeza kapasita. Kwa hesabu wako sahihi: amplifaya ikivuta ampea 1, kapasita ya mikrofaradi 2,200 inaacha umeme uyumbe kama volti 4 na nusu, ya 10,000 inaacha volti 1. Nikanunua ya 10,000, pesa ya chakula cha wiki ikaenda, na mvumo ukazidi! Nilikaribia kulia.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kapasita haijazwi polepole. Inajazwa kwa mishtuko, mara 100 kwa sekunde, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo mshtuko unavyokuwa mfupi na mkali. Tuseme ampea 5 zinapita kwenye kipande cha waya chenye omu 0.01, hapo pana milivolti 50. Kidogo sana, lakini mimi graundi ya kuingizia sauti nilikuwa nimeilehemu kwenye waya huohuo. Chipu ikazikuza kama ni muziki.

Nikabomoa. Dayodi zikaenda moja kwa moja kwenye kapasita kwa waya mfupi mnene, halafu graundi ya spika, ya chipu na ya sauti kila moja ikapewa waya wake mpaka nukta moja upande wa pili wa kapasita. Kwenye kisakiti cha kwanza cha sauti nikaongeza rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 470, hiyo peke yake inapunguza mabaki ya hezi 100 karibu mara 30. Kazi ya jioni moja, na waya nilikuwa nao tayari.

Yote haya nilimweleza jamaa. Akasema mimi napenda nadharia kwa sababu nasomea ualimu. Sawa. Asubuhi nimemwachia plagi mpya ya pini tatu mlangoni kwake, hajasema kitu. Muziki nausikia hapa ninapoandika. Mvumo pia.