Mpanda ni risasi: jibu tulilokariri bila kulielewa

Wadau, naomba niseme jambo moja kabla hatujapangiwa tena shule za mazoezi ya kufundisha.

Mwaka jana mimi nilipelekwa Mpanda. Wiki ya pili nikaingia kidato cha pili na mada ya madini. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi enzi zangu: Geita dhahabu, Mwadui almasi, Mirerani tanzanaiti, Mpanda "lead". Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madamu, hiyo lead ndiyo nini?" Nikamjibu, risasi. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kwa hiyo hapa kwetu walikuwa wanachimba risasi za bunduki?"

Nikamwambia tutaliangalia kipindi kijacho. Mnaijua hiyo janja, wote tunaitumia. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebeba "Mpanda risasi" kichwani tangu shule ya msingi, nimeijibu kwenye mitihani na nimepata vema. Leo nimesimama Mpanda penyewe, sijui hata inaonekanaje.

Basi jioni nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kupanda treni. Miamba ya Mpanda ni sehemu ya ukanda wa Ubendi, ambao historia yake inarudi nyuma takriban miaka bilioni 2. Ilikunjwa, ikabanwa, ikapasuka. Maji ya moto kutoka chini yakapita kwenye nyufa hizo yakiwa yamebeba metali. Yalipopoa yakaacha galena, jiwe zito la kijivu linalong'aa, ambalo ni risasi iliyoungana na salfa. Pamoja nayo kulikuwa na shaba, fedha na dhahabu. Mawe hayo yalishuka na ufa kwenda chini, kwa hiyo wachimbaji nao wakayafuata chini ya ardhi.

Kampuni iliyochimba iliitwa Uruwira Minerals. Ili mzigo utoke, ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori, ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Hesabu mwenyewe: reli yote hiyo, na miaka kumi tu ya kuufaidi mgodi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, mgodi ulikuwa umeshalala. Mwaka 2017 nchi nzima tulibishana kuhusu makinikia kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia mchanga wenye madini ukisafirishwa nje. Treni ya Mpanda ilishaibeba biashara hiyo kabla wazazi wetu hawajazaliwa.

Na yule dogo hakukosea sana. Neno risasi limetoka Kiarabu, na ni jina la metali yenyewe. Kwa kuwa metali hiyo ndiyo iliyotengeneza kile kitu cha bunduki, jina likahamia huko, tukasahau lilikotoka. Kama ningejua hilo siku ile, swali lake lingekuwa ndiyo somo.

Najua mtakachosema, kwa sababu hata mwalimu mwenyeji wangu alikisema: muda hautoshi, mada ni nyingi, mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Ni kweli, na simlaumu. Lakini mimi nilitumia kipindi kimoja tu. Niliwapa kazi ya nyumbani: muulize mtu mzima yeyote kwa nini reli inaishia hapa. Walirudi na majibu yanayopingana, wakabishana wenyewe, na kwa mara ya kwanza sikulazimika kumwamsha mtu.

Angalizo: sisemi tuwapeleke watoto kwenye mashimo ya zamani. Mashimo yanabomoka, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Stesheni ya treni inatosha kabisa.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu baadhi ya madogo wale wataishia kwenye machimbo ya dhahabu, yapo mengi tu mkoani Katavi. Wengine watakuwa madiwani watakaokaa mezani na makampuni. Buzwagi pale Kahama uzalishaji ulikoma mwaka 2021. Mgodi mwingine utafuata, maana mawe hayaoti upya. Mtoto anayejua tu kwamba "Mpanda ni risasi" hana cha kuuliza. Anayejua kwamba ule mgodi ulifungwa, na kwamba kilichobaki ni reli na mji uliokua mwisho wa reli, atauliza mapema: huu wetu ukifungwa, tutabaki na nini?

Ombi langu ni dogo. Wakufunzi wanaokuja kutukagua huangalia kila mstari wa andalio la somo. Wadai mstari mmoja zaidi: mfano kutoka mahali shule ilipo. Na sisi, boom likiingia, kabla ya kununua mashati na viatu vya kwendea field, tutenge siku moja tusome kuhusu wilaya tunayokwenda. Kudesa notisi za mwaka jana hakutakusaidia siku dogo wa nyuma atakaponyoosha mkono.