Wazee nao wapewe michezo yao

Mhariri,

Wanafunzi wa shule za msingi wana michezo ya UMITASHUMTA, wa sekondari wana UMISSETA, watumishi wa serikali wana SHIMIWI. Sisi tuliovuka miaka 60 tumeachiwa utazamaji, na kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, tunakalishwa vitini kusikiliza hotuba.

Naomba halmashauri ziigeuze siku hiyo kuwa ya michezo. Gharama si kubwa: bao, drafti, kutembea kwa kasi, kutupa tufe jepesi, kuvuta kamba. Marekani wana michezo ya taifa ya wazee tangu 1987, na washiriki hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano, ili bibi wa miaka 78 asishindanishwe na wa 61.

Kazi iko kwenye maandalizi. Tuanze saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Muuguzi apime presha na sukari kabla ya filimbi kulia. Vyoo viwe karibu, maji na kivuli visikosekane. Asiyeweza kushindana apewe saa ya kupimia muda.

Wakurugenzi watutengee uwanja tu. Timu tutaziunda wenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro