Mtoto Mchanga, Haraka ya Kumwogesha ni ya Nini?

Nyumba ya Mwambao inapopata mzazi, kitu cha kwanza kuandaliwa ni maji. Sufuria kubwa hutelekwa kwa ajili ya kumkanda mama, na beseni husuguliwa likang'ara kwa ajili ya mtoto. Wakati huo mtoto mwenyewe pengine yungali hospitali, hata jina hajapewa. Ni desturi njema, na mimi mwenyewe nimelelewa ndani yake. Lakini liko jambo moja katika desturi hii ambalo naona yafaa tulizungumze bila ya kuoneana haya, nalo ni haraka yetu.

Mwaka jana nilikwenda kumpongeza jirani aliyepata mjukuu. Mtoto alizaliwa usiku, na asubuhi yake mama akaruhusiwa kurudi nyumbani. Nilipoingia nilimkuta mavyaa amekwisha kunja mikono ya kanzu, na mkamwana kamkumbatia mwanawe kifuani.

"Mama, nesi amesema tungoje mpaka kesho," mkamwana alisema kwa sauti ya chini.

"Huyo nesi ana wana wangapi? Mimi nimezaa saba, na wote niliwaogesha siku ile ile. Wageni watakuja sasa hivi. Wamkute mwana ana utando kichwani, waseme nini?"

Kijana mwenye mtoto alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Sisi wageni nasi tulinyamaza. Mtoto akaogeshwa, akasuguliwa vizuri, akatiwa wanja na kufungwa leso mpya. Ilipofika alasiri alikuwa baridi hata tumboni, amelegea, na titi hataki. Walimrudisha hospitali mbio kwa teksi. Alhamdulillahi alipona, lakini sitausahau uso wa yule bibi alipokuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, buibui limemwanguka mabegani wala hana habari.

Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alifanya alichofunzwa na mamake. Aliogopa maneno ya watu, na maneno yenyewe tunayajua. Ule utando mweupe ambao mtoto huzaliwa nao, wako wanaosema ni uchafu, na wako wanaosema mabaya zaidi, kwamba ni alama ya wazazi waliokosa kujizuia miezi ya mwisho. Basi mkwe huona aibu, na mzazi huonewa bure. Kwa hakika utando ule hutokana na ngozi ya mtoto mwenyewe tumboni. Ndani yake mna maji na mafuta, huilainisha ngozi na kuikinga na vijidudu. Ni kitu alichovikwa na Mola wake. Kinachofaa kupanguswa ni damu, na mwili ukaushwe vizuri. Utando wenyewe uachwe, utajinyonya wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24 tangu kuzaliwa, na ikiwa mila haziruhusu kungoja kiasi hicho, basi angalau saa 6. Sababu ni baridi. Utasema, baridi gani Mombasa? Lakini mtoto ametoka mahali penye joto kama nyuzi 37, hajui kutetemeka ili apate joto, na maji yanapokauka mwilini mwake huondoka na joto lake. Mtu mzima akitoka baharini siku ya jua kali upepo ukampiga, husisimka. Sembuse kiumbe wa kilo tatu. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, au aliye chini ya kilo 2.5, huyo angoje zaidi, mpaka wauguzi waseme. Kwa upande mwingine, daktari aweza kuamuru mtoto fulani aogeshwe mapema kwa sababu ya maradhi ya mamake, na hapo afuatwe daktari.

Wengine hudhani kwamba dini ndiyo inayotuharakisha. Nimesikia mtu akisema mtoto hawezi kuadhiniwa kabla hajaogeshwa. Sivyo. Mtoto kuadhiniwa hakuna sharti la kuoga, na josho la faradhi kwa sababu ya uzazi liko juu ya mama, si juu ya mtoto. Akika yenyewe tumepewa mpaka siku ya saba, na ndipo nywele hunyolewa na kutolewa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Basi aliyetupa siku saba, sisi tunakimbilia wapi?

Siku ya kuoga ikifika, kazi ifanywe na aliyezoea, kwa utaratibu. Dirisha la upande wa upepo lifungwe, na kila kitu kiwe karibu kabla mtoto hajavuliwa: taulo, leso kavu, nepi na nguo. Maji ya mikokoteni na ya visima vyetu ni heri yachemshwe kisha yaachwe yapoe, hasa kitovu kikiwa bado. Katika beseni yatangulie maji baridi, ndipo yafuate ya moto, yakorogwe, yapimwe kwa kiwiko cha mkono. Kiganja cha mpishi aliyezoea kuepua sufuria hakiaminiki. Kina cha vidole vinne chatosha. Kichwa cha mtoto kilale juu ya mkono wako, na vidole vimshike chini ya kwapa, maana mtoto mwenye sabuni huteleza kama samaki. Simu ikilia, iachwe ilie. Mlango ukibishwa, ama asubiri anayebisha, ama mtoto atolewe majini afungwe taulo uende naye. Maji kidogo ya beseni yatosha kumzamisha.

Na ile sufuria ya kumkandia mama isiwe chumba kimoja na mtoto. Naona hili ndilo tunalolisahau kabisa. Maji yanayotokota huku, beseni kule, wanawake watano wanapishana katika chumba kidogo, na watoto wengine wanachungulia mlangoni. Kadhalika jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kupasha joto. Hewa yake haina harufu wala haionekani, nayo imeua watu wazima usingizini. Udi nao tunaupenda sote, lakini chetezo kikae mbali na mapafu ya siku tatu.

Dakika tano au kumi zimetosha. Akaushwe mara moja, kichwa kwanza, na mikunjo ya shingo na mapaja isisahauliwe. Sabuni kila siku haina haja, wala dawa za kuulia vijidudu hazina kazi katika maji ya mtoto. Mafuta safi ya nazi hayana ubaya, na kukandwa kwa mkono mwepesi mtoto hufurahia. Kuvutwa viungo na kubonyezwa utosi, hapana. Wanja pia tuuache, maana baadhi yake umekutwa una madini ya risasi. Kitovu kisitiwe majivu, chumvi wala mafuta. Kiachwe kikavu, au kipakwe ile dawa mliyopewa hospitali, nayo isikaribie macho hata kidogo.

Jambo jingine, nguo zilizowekwa sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo zifuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kumvika mtoto. Hapa kwetu Pwani watoto wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha chembe za damu kiitwacho G6PD, na mvuke wa vidonge vile waweza kuzivunja chembe zao za damu, mtoto akageuka manjano. Kanzu ya marehemu babu ina baraka zake, lakini ifuliwe.

Malalamiko yangu ya mwisho nayaelekeza hospitalini. Wauguzi hueleza haya yote vizuri, lakini humweleza msichana wa miaka ishirini aliyechoka kwa uchungu, ambaye nyumbani hana kauli. Mwenye beseni ameketi nje kwenye benchi na kikapu cha uji, akingoja saa ya kuwatazama wagonjwa. Kwa nini asiitwe ndani kwa heshima, akaambiwa yeye? Nao walimu wetu wenye darsa za akina mama, robo saa tu ya mlango huu ingetosha, kwani wao wakisema mavyaa husikia.

Yule jirani yangu anatazamia mjukuu mwingine baada ya mfungo. Juzi alinipitia akaniuliza kama najua nambari ya simu ya yule nesi.