Binti wa Nansio na Mashindano ya Michezo Mitatu

Barua tunayoijibu juma hili imetoka Nansio, Ukerewe. Mwandishi wake ni binti aliyemaliza kidato cha nne. Anayo baiskeli aliyoachiwa na babu yake, hukimbia kila alfajiri, na sasa anataka kujitayarisha kwa traiathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo bila mapumziko. Baba yake amemkataza kuingia ziwani. Binti anatuomba tumweleze mzee huyo kwamba amekosea.

Hatutamweleza hivyo. Mzazi wa Ukerewe anayeliogopa ziwa anazo sababu. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka kikiwa kimeikaribia gati ya Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Lakini twamwomba mzee alitazame jambo hili kwa upande wa pili pia. Mtu aishiye kisiwani bila kujua kuogelea yumo hatarini kila apandapo mtumbwi, awe mwanamichezo au asiwe. Kwa hiyo linalofaa kuzungumzwa nyumbani humo ni binti aingie majini kwa namna gani, na pamoja na nani.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingizwa katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000. Masafa ya Olimpiki ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Yapo na masafa mafupi, nusu ya hayo, na anayeanza asione haya kuyachagua. Kuogelea hutangulia kwa sababu iliyo wazi: mkimbiaji aliyechoka huweza kuketi kando ya njia, lakini mwogeleaji aliyechoka hana pa kuketi.

Basi katika majuma 12 ya matayarisho, binti ayape maji siku tatu kwa juma. Asiogelee peke yake hata siku moja, na hapa ndipo baba anapohitajiwa: akae katika mtumbwi karibu naye, akiwa na boya au dumu tupu lililofungwa kamba. Kwanza ajifunze kutoa pumzi taratibu uso ukiwa ndani ya maji, kwani wengi huishiwa nguvu kwa kubana pumzi, mikono ingali na uwezo. Kisha aogelee vipande vifupi vya mita 25 au 50, akipumzika kila baada ya kimoja, na kuviongeza kidogo kidogo. Ziwani hakuna mstari wa kufuata. Achague mti mrefu au jabali la ufukoni, na kila baada ya mikono kadhaa ainue macho alitazame, asije akaongeza safari bure.

Adui mwingine wa ziwa haonekani kwa macho, naye ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono na kupenya ngozi, navyo huwa vingi zaidi jua likiwa kali, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Afadhali basi kuogelea asubuhi mapema, mbali na matete, kwa kuingilia mtumbwini badala ya kukanyaga kando. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi. Wala tusidhani kwamba ni shida ya Ukerewe tu: katika Olimpiki za Paris mwaka 2024, traiathloni ya wanaume iliahirishwa kutoka Julai 30 hadi Julai 31 kwa sababu maji ya mto Seine yalikuwa machafu.

Kuhusu baiskeli hatuna mengi, maana Wakerewe wanaijua kuliko sisi. Ile nyeusi nzito ya babu yatosha kwa mazoezi, mradi breki zishike, mnyororo uwe na mafuta, na kiti kiinuliwe kiasi kwamba mguu ulio chini ubaki umekunjika kidogo tu. Kofia ngumu ni lazima. Kanuni za mchezo zinataka iwe imekwisha kufungwa kidevuni kabla mshindani hajaiondoa baiskeli mahali pake.

Jambo linalowashangaza wageni wa mchezo huu ni miguu inavyokuwa mizito kama magogo mtu ashukapo baiskeli na kuanza kukimbia. Dawa yake ni mazoea. Mara moja kwa juma aendeshe kwa saa moja, aiegemeze baiskeli ukutani, na papo hapo akimbie dakika 15. Hata mkimbiaji hodari atajiona mwanagenzi mara ya kwanza.

Chakula cha nyumbani kinatosha: ugali wa muhogo, viazi vitamu, dagaa, sato. Kwa mazoezi marefu, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vitamfaa. Juma la mwisho apunguze mazoezi kwa nusu, na siku yenyewe asivae kiatu kipya wala asile asichokizoea. Filimbi ikilia, asijitupe katikati ya kundi, bali akae pembeni, aanze polepole kuliko anavyotamani.

Majuma sita hadi manane baada ya kuogelea mara ya mwisho, aende kituo cha afya apimwe choo. Tunataja muda huo kwa makusudi, kwa kuwa dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huiacha. Baba naye, baada ya kukanyaga maji kila asubuhi akisukuma mtumbwi, apimwe siku hiyo hiyo.