Jukwaa la saizi moja

Mitumba inapofunguliwa sokoni Tandika, Dar es Salaam, asubuhi, wanawake hujipimia magauni juu ya nguo walizovaa. Lebo haiwashughulishi, na wana sababu: gauni la saizi 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, na yote mawili yamo katika rundo moja. Likibana nyonga, linakwenda kwa fundi cherehani, naye anapima mwili uliosimama mbele yake.

Majukwaa yetu ya mitindo hayafanyi hivyo. Swahili Fashion Week, aliyoianzisha Mustafa Hassanali mwaka 2008, imewapa wabunifu pa kuonyesha kazi zao, na hilo ni la kujivunia. Lakini wanamitindo wengi wanaopanda majukwaani ni warefu na wembamba, kana kwamba tuko Paris. Na Ufaransa yenyewe ilishashtuka: tangu mwaka 2017 mwanamitindo anatakiwa awe na cheti cha daktari, na tangazo lenye picha ya mwili uliopunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta lazima liseme hivyo.

Hatudai wembamba wafukuzwe. Wengi wameumbwa hivyo, na kuwaita njiti nako ni ufidhuli. Tunataka wabunifu waache kushona sampuli za saizi moja. Mteja wa gauni la kitenge anatoka Mbagala au Mwananyamala, ana nyonga, pengine amezaa mara tatu. Apandishwe jukwaani naye. Wabunifu wasiojua pa kuachia kitambaa wawaulize mafundi wa Temeke. Wao wanashonea miili hiyo kila siku.